Mchezo Uliosahaulika, Mchezaji Anayekumbuka: Kuihifadhi Michezo ya Tarakilishi kwa Mwanga wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Wahenga walinasihi kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwakemea wanaokimbilia vipya na kuvitupa vya zamani. Katika ulimwengu wa tarakilishi, hata hivyo, mbachao hauachwi kwa hiari ya mwenyewe. Mashine huacha kutengenezwa, diski hufikia wakati zisisomeke tena, kampuni huuzwa au kufungwa, na mchezo ambao mtoto aliucheza kila jioni huwa hauchezeki tena anapofikia utu uzima. Kinachombakia kichwani ni vipande tu: rangi ya ukuta, mlio wa panga zikigongana, hofu ya lango linaloteremka. Jina la mchezo lenyewe limemtoka.

Mtu wa aina hiyo humwendea mwenzake kwa kauli iliyo karibu sana na kitendawili. Ni mchezo gani ule ambamo kijana aliyevaa nguo nyeupe hukimbia katika gereza la mawe, huruka juu ya misumari itokayo sakafuni na kupigana kwa upanga, huku akiwa na saa moja tu ya kumwokoa binti mfalme? Mwenye kujua huutegua papo hapo: ni Prince of Persia. Furaha ya kupata jina hilo huandamwa na swali gumu zaidi. Je, mchezo huo bado upo? Na ukichezwa upya leo, je, utakuwa ni ule ule?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutumia dhana ambazo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anazifahamu fika: fanani, hadhira, utendaji na muktadha. Hoja yake kuu ni kwamba mchezo wa tarakilishi ni sanaa ya utendaji, na kwa hiyo hauhifadhiki kwa kuhifadhi diski peke yake. Kama ilivyo kwa ngano, maneno yaweza kusalimika na utendaji ukapotea. Prince of Persia umeteuliwa kuwa mfano kwa sababu historia ya kutungwa kwake, kupotea kwa msimbo wake na kupatikana kwake tena inajulikana kwa kina.

Chimbuko la Mchezo na Hadithi Yake

Prince of Persia ulitungwa na Mmarekani Jordan Mechner, na ukatolewa na kampuni ya Broderbund mwaka wa 1989 kwa ajili ya tarakilishi ya Apple II. Mechner alikuwa tayari amejipatia sifa kwa mchezo wake wa awali, Karateka, wa mwaka wa 1984. Kazi ya kuuandaa mchezo huu wa pili ilichukua takriban miaka minne. Mwaka wa 1985 alimpiga picha za video mdogo wake, David, akikimbia, akiruka na kuning'inia katika uwanja wa kuegesha magari. Kisha aliifuatisha picha moja baada ya nyingine hadi miondoko ya kijana huyo ikawa miondoko ya mhusika wa mchezo. Muziki ulitungwa na baba yao, Francis Mechner. Kwa hivyo kazi hii, ambayo baadaye ilienea duniani, ilianza kama shughuli ya familia moja.

Hadithi yenyewe ni fupi. Sultani yuko vitani ugenini. Waziri wake Jaffar ananyakua mamlaka na kumpa binti mfalme saa moja ya kuamua: aolewe naye au afe. Mpenzi wa binti huyo, kijana asiye na cheo, ametupwa gerezani bila silaha. Anapaswa kupata upanga, kuzipita hatua 12 za gereza na kasri, kuwashinda walinzi na hatimaye kumkabili Jaffar kabla ya dakika 60 kwisha.

Msomaji wa Kiswahili hatauona ulimwengu huu kuwa mgeni. Ni ulimwengu wa masultani, mawaziri na majumba ya kifahari anaoujua kwa jina la Alfu Lela U Lela. Hata hivyo, mchezo haukuchota moja kwa moja kutoka katika hadithi hizo. Mechner aliathiriwa na filamu, hususan The Thief of Bagdad ya mwaka wa 1940, ambamo waziri mwovu huitwa Jaffar, na The Adventures of Robin Hood ya mwaka wa 1938, ambayo pambano lake la panga lilimpa miondoko ya wapiganaji wake. Hapa pana sifa ya kwanza inayoukaribisha mchezo huu kwenye fasihi simulizi: motifu husafiri. Imetoka katika masimulizi ya mashariki, ikapita katika filamu za magharibi, ikaingia katika tarakilishi, na kila ilipopita ilivaa vazi la mahali hapo.

Mhusika mmoja anastahili kutajwa kwa upekee. Kumbukumbu ya Apple II ilikuwa ndogo mno, na Mechner hakuwa na nafasi ya kuchora mpinzani mpya. Alichofanya ni kuigeuza picha ya kijana mwenyewe kwa hesabu ya msimbo hadi akapatikana kiumbe mwenye umbo lile lile lakini wa kimulimuli: Kivuli. Katika hatua ya nne kijana hulazimika kuruka akipenya kioo, na Kivuli hutokea upande wa pili. Tangu hapo humfanyia hila: humnywea dawa yake, humfungia lango. Karibu na mwisho, wawili hao hukutana wakiwa na panga mikononi. Mchezaji anayempiga Kivuli hugundua kwamba kila pigo analompa linampunguzia uhai wake mwenyewe. Njia ya kupita ni moja tu: kuurudisha upanga alani na kumwendea adui bila silaha. Hapo wawili huungana wakawa mmoja. Umaskini wa mashine ulizaa maana nzito, naye mtoto wa miaka kumi aliielewa maana hiyo kwa vidole kabla hajaweza kuieleza kwa maneno.

Mchezo kama Utendaji

Ruth Finnegan, katika kitabu chake Oral Literature in Africa cha mwaka wa 1970, alisisitiza kwamba fasihi simulizi haiwezi kueleweka nje ya utendaji wake. Naye Albert Lord, katika The Singer of Tales cha mwaka wa 1960, alionyesha kwamba waimbaji wa tendi aliowachunguza pamoja na mwalimu wake Milman Parry huko Yugoslavia hawakuwa wakikariri matini iliyokwisha kukamilika. Walikuwa wakitunga papo hapo, mbele ya hadhira, kwa kutumia vipengele walivyovirithi. Mawazo haya mawili yanatoa mwanga mkubwa juu ya mchezo wa tarakilishi.

Zingatia kilichomo ndani ya diski ya Prince of Persia. Mna kuta, mashimo, malango, walinzi na kanuni za miondoko yao. Hakuna humo hadithi iliyosimuliwa hadi mwisho. Ili kijana atoke gerezani, pana mtu anayepaswa kukaa mbele ya tarakilishi na kumtoa. Anapochelewa kuruka, kijana huanguka na kufa. Anaporuka kwa wakati, hadithi husonga mbele. Kwa mintarafu hii, mchezaji ni hadhira na fanani kwa wakati mmoja. Anaipokea hadithi iliyoandaliwa na mwingine, lakini pia ndiye anayeitenda. Hali hii si ngeni kwa mwanafunzi wa ngano. Katika vipindi vingi vya utambaji, hadhira huitikia wimbo, hujibu maswali ya mtambaji na hata kumsahihisha anapoteleza. Mchezo wa tarakilishi umeichukua nafasi hiyo ya hadhira na kuipanua hadi ikawa kiini cha sanaa yenyewe.

Aidha, mchezaji hakuwa peke yake nyakati zote. Tarakilishi zilipokuwa chache, mtoto mmoja alishika kibodi na wengine wakamzunguka, wakimwonya, wakimcheka na kungoja zamu. Maarifa ya mchezo yalipokezanwa kwa mdomo. Mfano mzuri ni neno la siri la toleo la awali la DOS. Aliyeliandika neno "megahit" baada ya jina la programu alifunguliwa uwezo wa kuruka hatua na kujiongezea uhai. Neno hilo halikuwa sehemu ya hadithi. Lilienea kwa kuambizana na kupitia majarida, likawa miliki ya kundi la wajuao. Kinyume chake ni chumba cha chupa katika toleo hilo hilo. Mapema katika mchezo, mchezaji alitakiwa kunywa chupa yenye herufi inayolingana na neno fulani katika kijitabu cha maelezo. Shabaha ilikuwa kuwazuia wenye nakala zisizolipiwa. Asiyekuwa na kijitabu alilazimika kubahatisha, au kumtafuta mwenye kujua.

Pingamizi moja linafaa kujibiwa hapa. Yaweza kudaiwa kwamba ngano hubadilika kila inapotambwa, ilhali msimbo wa mchezo haubadiliki, na kwamba kwa sababu hiyo mchezo uko karibu zaidi na fasihi andishi. Pingamizi hili lina uzito, lakini halikamiliki. Kwanza, kisichobadilika ni msimbo, wala si uchezaji. Hakuna dakika 60 mbili za Prince of Persia zinazofanana. Pili, hata msimbo wenyewe una matoleo. Mchezo uliandikwa upya kwa ajili ya DOS, Amiga, Macintosh na mashine nyingine nyingi, na kila toleo likawa na rangi, sauti na hitilafu zake. Mtu aliyekulia katika toleo moja huliona lingine kuwa limepotoshwa, kama msikilizaji wa ngano anayeshikilia kwamba bibi yake ndiye aliyeisimulia sawasawa.

Kumbukumbu ya Kichwa na Kumbukumbu ya Vidole

Mwaka wa 1932 mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu kukumbuka. Aliwapa Waingereza hadithi ya Wenyeji wa Amerika waisome, kisha akawaomba waisimulie tena baada ya muda. Wasimulizi waliyaacha mambo waliyoyaona ya ajabu, wakayafupisha mengine, na wakaingiza vitu vya mazingira yao. Mtumbwi, kwa mfano, uligeuka kuwa mashua ya kawaida. Bartlett alihitimisha kwamba kukumbuka si kulitoa jambo ghalani likiwa vile vile lilivyowekwa. Kukumbuka ni kujenga upya.

Anayeurejelea mchezo wa utotoni baada ya miaka ishirini huuthibitisha ukweli huo kwa namna ya pekee, kwa sababu anao uwezo ambao msikilizaji wa ngano hana: anaweza kuilinganisha kumbukumbu yake na kitu chenyewe. Kasri alilolikumbuka kuwa kubwa lisilo na mwisho hubainika kuwa vyumba kadhaa vinavyoonekana kimoja kimoja. Uso wa binti mfalme alioukumbuka kwa undani huwa ni vitone vichache vya rangi. Muziki aliodhani ulicheza muda wote husikika mara chache tu, na kwa sehemu kubwa ya safari kinachosikika ni nyayo, malango na panga. Vile vilivyokosekana kwenye skrini vilijazwa na mtoto mwenyewe. Msikilizaji wa ngano hufanya kazi hiyo hiyo anapomchora zimwi kichwani pasi na kuonyeshwa picha yoyote.

Hata hivyo, ipo kumbukumbu ya pili isiyodanganyika kwa urahisi, nayo ni ya vidole. Katika Prince of Persia, mchezaji hulazimika kujifunza kwamba kijana hajibu amri papo hapo. Ana uzito wa mtu. Akikimbia huhitaji nafasi ya kusimama. Ukingoni mwa shimo, mchezaji hushikilia kitufe cha Shift ili apige hatua za tahadhari, na hukishikilia tena angani ili kijana adake ukingo wa upande wa pili. Wapo wanaosahau jina la mchezo, jina la waziri na hata mwisho wa hadithi, lakini wanapoketi mbele ya kibodi vidole huenda vyenyewe panapotakiwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua hali hii. Ndiyo ya mzee asiyeweza kuyasema maneno ya wimbo wa kazi akiwa ameketi, lakini akishika mchi mkononi maneno yote humrudia. Kumbukumbu ya utendaji hukaa mwilini na huamshwa na tendo.

Kupotea na Kupatikana kwa Msimbo

Mchezo huu nusura upoteze asili yake. Apple II ilikuwa tayari imepitwa na wakati toleo la kwanza lilipotoka, na mauzo ya mwanzo yalikuwa hafifu. Ni matoleo ya mashine nyingine, kuanzia mwaka wa 1990, yaliyoupa umaarufu. Miaka ilipopita, Mechner mwenyewe hakujua tena ulipo msimbo asilia alioutunga, yaani maagizo aliyoyaandika kwa mkono wake kabla hayajageuzwa kuwa programu. Nakala za mchezo zilikuwapo kwa wingi, lakini muswada wa mtunzi ulikuwa umetoweka.

Machi 2012 baba yake alimtumia kisanduku cha vitu vya zamani alivyovikuta nyumbani kwake New York. Ndani yake mlikuwa na diski za inchi 3.5 zenye lebo ya msimbo wa Prince of Persia kwa Apple. Kuzipata hakukutosha. Diski za sumaku huchakaa hata zikiwa kabatini, na mashine za kuzisomea zilikuwa adimu. Aprili mwaka huo, Jason Scott wa Internet Archive na Tony Diaz, mkusanyaji wa tarakilishi za Apple II, walimsaidia Mechner kuzisoma kwa vifaa vya enzi hiyo. Yaliyomo yaliokolewa, na Mechner akauweka msimbo huo mtandaoni ili yeyote ausome.

Tukio hili lina funzo kwa mtafiti wa fasihi. Msimbo uliookolewa unaeleza jinsi mchezo ulivyojengwa, lakini haumwonyeshi David akikimbia uwanjani wala sababu ya Kivuli kuzaliwa. Mambo hayo yanajulikana kwa kuwa Mechner aliweka shajara tangu mwaka wa 1985 hadi 1993, ambazo baadaye zilichapishwa kama kitabu. Shajara hizo hazihitaji mashine. Zinasomeka kwa jicho tupu. Msimbo ni matini. Shajara ni muktadha. Kila kimoja pasi na kingine kina upungufu.

Upungufu kama huo uliwahi kujitokeza katika historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe. Edward Steere alikusanya hadithi kutoka kwa wenyeji wa Unguja na kuzichapisha London mwaka wa 1870. Kwa kazi hiyo, kisa cha Sultani Darai na visa vinginevyo vimetufikia katika Kiswahili cha wakati huo. Ni hazina isiyo kifani. Lakini sauti ya msimulizi, kimya chake, vicheko na maitikio ya waliokuwapo havikuweza kuingia kitabuni. Msomaji wa leo ana maneno. Utendaji analazimika kuukisia.

Kuucheza Upya

Je, mchezo wa zamani unachezwaje leo? Njia ya kawaida ni programu ya uigaji. Hii ni programu inayoifanya tarakilishi ya kisasa ijifanye kuwa mashine ya zamani, ili maagizo yaliyoandikwa kwa mashine ile yaeleweke tena. DOSBox, iliyoanza kutolewa mwaka wa 2002, huiga tarakilishi za mfumo wa DOS. Huweza hata kuipunguza kasi ya mashine ya leo, kwa kuwa michezo mingi ya kale iliitegemea kasi ya tarakilishi ya wakati wake na huenda mbio kupita kiasi pasipo kuzuiwa. Januari 2015 Internet Archive iliweka mtandaoni takriban michezo 2,400 ya DOS inayochezeka ndani ya kivinjari, bila ya mchezaji kusakinisha chochote. Wapo pia wapenzi wa Prince of Persia walioichambua programu ya DOS na kuiandika upya ili ifanye kazi katika mashine za kisasa. Kazi yao huitwa SDLPoP.

Juhudi hizi zinastahili sifa. Bila ya programu za uigaji, diski iliyookolewa ingekuwa kama kanda ya sauti isiyo na kinasa. Hata hivyo, kila uigaji huongeza na kupunguza. Skrini nene za zamani zilizilainisha kingo za vitone vya rangi. Skrini bapa za leo huzionyesha kingo hizo waziwazi, na picha ile ile huonekana kuwa ya kukwaruza. Muhimu zaidi ni suala la muda. Katika mchezo asilia, kijana alipokufa alirudishwa mwanzo wa hatua, lakini saa haikurudi nyuma. Kila kosa lililipiwa kwa dakika zisizorejeshwa. Programu nyingi za uigaji humruhusu mchezaji kuihifadhi hali ya mchezo wakati wowote na kuirudia akikosea. Kwa uwezo huo, mtu mzima aweza kuumaliza mchezo uliomshinda utotoni, lakini dakika 60 za Jaffar huwa si tishio tena. Ataufikia mwisho wa hadithi ilhali ameiacha njiani maana yake.

Hapa mchezo wa bao unatoa ulinganisho wenye manufaa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ubao ukivunjika, mashimo huchimbwa ardhini na kete zikawa mawe au mbegu. Mchezo huendelea kwa sababu kanuni zake zimo vichwani mwa wachezaji. Mchezo wa tarakilishi ni kinyume chake. Kanuni zake zimefungiwa ndani ya mashine, na mchezaji anaijua sehemu tu. Mashine ikitoweka, hata mchezaji hodari hawezi kuuchora mchezo mchangani. Ndiyo sababu wa bao umepokezanwa vizazi kwa vizazi, nao wa tarakilishi waweza kupotea katika maisha ya mtu mmoja.

Kilicho Hatarini

Si michezo yote iliyo na bahati ya Prince of Persia. Uchunguzi uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulibaini kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka wa 2010 haikuwa ikipatikana sokoni. Anayetaka kuicheza lazima awe na mashine ya zamani, asafiri hadi kwenye maktaba inayoihifadhi, au atumie nakala ambazo uhalali wake una utata. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwapa watafiti michezo hiyo kutoka mbali. Kitabu kilichokwisha sokoni bado husomwa maktabani. Mchezo uliokwisha sokoni waweza kuwapo kabatini usichezwe na mtu.

Kizazi kilichofuata kile cha diski nacho hakikusalimika. Waliokulia katika michezo ya intaneti ya miaka ya 2000, ile iliyochezwa ndani ya kivinjari nyumbani, shuleni au saiba, waliitegemea programu ya Flash ya kampuni ya Adobe. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia michezo hiyo kuchezeka humo. Mengi yameokolewa na wapenzi waliojitolea, hasa kupitia mradi wa Flashpoint na Internet Archive. Lakini michezo hiyo ilikuwa ya kupita tu machoni mwa wengi, na ni wachache walioona haja ya kuandika jina la mchezo au la mtunzi wake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hatari iko karibu zaidi. Sehemu ambayo hakuna maktaba ya ughaibuni itakayoihifadhi ni ile ya uchezaji wa huku. Watoto waliouzunguka mchezo mmoja katika nyumba ya Nairobi, Mombasa au Kisumu walizungumza lugha gani? Waliviitaje viwango, maadui na uhai wa mhusika? Waliibadili vipi hadithi ya kigeni walipowasimulia wenzao ambao hawakuwa na tarakilishi? Je, Jaffar alibaki kuwa Jaffar au alipewa jina jingine? Haya ni maswali ya isimujamii na ya fasihi simulizi kwa pamoja, na wenye majibu bado wako hai. Utafiti wake hauhitaji maabara. Unahitaji kinasa sauti, daftari na subira, zana zile zile za mkusanyaji wa ngano. Njia mwafaka ingekuwa kumketisha mhojiwa mbele ya mchezo wenyewe na kumrekodi akiucheza, kwa kuwa vidole vitamkumbusha yale ambayo swali peke yake haliwezi kuyaibua.

Vilevile, kuna michezo iliyotungwa nchini. Nairobi X, mchezo wa mapambano uliotolewa na Black Division Games mwaka wa 2015, uliyaweka matukio yake katika mji mkuu wa Kenya. Wasomi wa fasihi wameweka kumbukumbu za tamthilia na riwaya za kipindi hicho kwa bidii. Iwapo hakuna atakayeweka kumbukumbu za michezo, mtafiti wa mwaka wa 2050 atakayetaka kujua jinsi Nairobi ilivyosawiriwa katika sanaa za mwanzo wa karne hii atakuwa na vitabu mkononi na pengo kubwa kando yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mchezo wa tarakilishi una sehemu tatu zinazotegemeana: msimbo, ambao ni matini, mashine, ambayo ni jukwaa, na mchezaji, ambaye ni fanani na hadhira. Wahifadhi wamefanya kazi kubwa juu ya msimbo na mashine. Sehemu ya tatu ingali inasubiri wataalamu, na hakuna taaluma iliyo na zana bora za kuishughulikia kuliko fasihi simulizi, ambayo kwa miongo mingi imejadili jinsi ya kukihifadhi kitu kisichoishi ila kinapotendwa.

Anayekumbuka kipande cha mchezo wa utotoni asidhaniwe kuwa anapoteza wakati kwa mambo ya kitoto. Anachokitafuta ni kumbukumbu ya utendaji alioushiriki, na mara nyingi yeye ndiye shahidi pekee aliyebaki. Diski za Mechner zilikaa kabatini kwa zaidi ya miaka ishirini na zikasomeka kwa bahati. Kumbukumbu ya mchezaji haina kabati, na saa yake, kama ile ya kijana wa gerezani, hairudi nyuma.